Saini ya Dokta wa Kapata

Jumatatu, tarehe 3 Februari
Nimefundisha vipindi vinne vya biolojia. Sauti imekauka. Baada ya shule nikapita ofisi ya baraza la madaktari. Faili langu la kuomba namba ya udaktari halijakamilika. Diploma ipo, picha zipo, cheti cha tabia njema kipo. Kinachokosekana ni hati ya stage, ya kuonyesha kwamba nilifanya mazoezi hospitalini mwaka wa mwisho. Yangu ililowa paa la nyumba yetu ya Dilala lilipovuja. Hospitali haina nakala.

Karani akasema, "Dokta aliyekusimamia iko muzima? Yeye anaweza kukuandikia ingine."

Yuko hai. Tata Dokta Mwamba, amestaafu, anakaa Kapata.

Miaka kumi na tatu tangu nimalize udaktari, na yote nimefundisha shule. Watoto, kuhamahama na kazi ya mume wangu. Nina miaka arobaini na mbili. Nikikosa safari hii, basi.

Jumatano, tarehe 5
Pikipiki ya taxi-moto hadi Kapata. Matope mpaka magotini.

Dokta hakunitambua. Aliuliza kama nimeleta matokeo ya maabara. Nilimtajia jina langu mara tatu. Nikampa karatasi mpya ya stage niliyoiandaa, akaipokea kwa furaha.

"Lete bic. Natia saini wapi?"

Mke wake, Mama Odette, akatazama pembeni. Dokta akashika kalamu, akasaini bila kuisoma.

Mlangoni Mama Odette akaniambia, "Anakubaliaka kila mutu. Juzi alisainia karatasi ya kuuzisha hii nyumba. Batoto njo balikimbia kupasula ile karatasi."

Niliona aibu.

Alhamisi, tarehe 6
Sikwenda ofisini. Karatasi inasema kweli. Alinisimamia mwaka mzima wodi ya uzazi, akinigombeza kila asubuhi. Hakuna uongo hata mstari mmoja. Kwa nini basi nimeificha chini ya madaftari?

Ijumaa, tarehe 7
Nimewafokea wanafunzi bure. Mume wangu anauliza naipeleka lini. Nikasema Jumatatu.

Jumamosi, tarehe 8
Kapata tena. Nilitaka anikumbuke, hata dakika moja, niipeleke karatasi kwa amani.

Alikuwa anakunywa chai. Hakunikumbuka. Lakini niliposema stage, akakaa wima.

"Mama wa mimba ya miezi minane. Tension ya damu kumi na sita kwa kumi na moja, kichwa kinamuluma, macho inaona giza. Unamupa nini?"

"Magnesiamu."

"Dose?"

Niliwahi kuijua kama jina langu. Haikuja.

Akaitaja yeye, gramu kwa gramu, na dakika za kuichoma. Kisha akaniangalia kwa upole. "Yule mama anakufa," akasema, akarudi kwenye chai yake. Baada ya muda kidogo akaniuliza mimi ni nani.

Nilitembea kwa miguu kipande kirefu cha barabara. Malori ya madini yalinipigia honi. Nilikuwa nikimwogopea yeye siku zote hizi. Sikuwa nimejiangalia mimi.

Jumatatu, tarehe 10
Ofisini. Karatasi sikuitoa. Nilimweleza karani hali ya dokta, halafu hali yangu. Hili la pili lilikuwa gumu zaidi. Akaingia kuuliza wakubwa wake, akatoka.

"Itakuwa kurudilia stage. Miezi sita, pamoja na batoto ba juzi. Utaweza, mama?"

Nikasema ndiyo kabla sijafikiri.

Mume wangu amekasirika. "Ulikuwa nayo saini mukononi." Ana haki ya kukasirika.

Alhamisi, tarehe 13
Nimejuta siku nzima. Mkuu wa shule ananikubalia vipindi vya alasiri tu, asubuhi niwe wodini. Ninaogopa vijana watanicheka. Ninaogopa zaidi kwamba watakuwa wanajua kuliko mimi.

Jumatatu, tarehe 3 Machi
Wodi ya uzazi, siku ya kwanza. Tuko watano. Anayenifuata kwa umri ana miaka ishirini na sita. Hakuna aliyecheka. Mmoja alinionyesha mahali pa kutundika blauzi, koti langu jeupe la wodini.

Kitanda cha sita, mwanamke kutoka Mutoshi, mimba ya kwanza. Aliuliza kama mimi ndiye dokta. Nikamwambia bado, ninajifunza. Akafunua tumbo.

Nikainama kusikiliza moyo wa mtoto. Nilichukua muda, yeye akasubiri. Nikaupata. Nikaandika mapigo mia na arobaini kwa dakika, nikaenda kitanda cha saba.