Siku Mkaguzi Alipolala Kwenye Machela

Mpimbwe, Katavi
Jumapili, baada ya misa

Mama Neema, mke wangu,

Nakusalimu sana. Vipi miguu, bado inavimba jioni? Na udongo, umeacha kula, au sasa unamfundisha na Neema? Mimi ni mzima. Kile kifua cha vumbi kimetulia, ugali napika mwenyewe na sijaunguza sufuria tangu mwezi uliopita. Barua hii anakuletea mwalimu jirani yangu anayekuja likizo huko Namtumbo. Nimeona niandike kwa sababu kwenye simu unanikatiza, na hili nataka ulisikie mpaka mwisho.

Tangu mimba ifike miezi minne umekuwa ukiomba uje tuishi wote, na mimi kila mara natoa sababu. Mara nyumba haijakamilika, mara maji yako mbali, mara mbu. Ukafika mahali ukaniuliza kama kuna mwanamke mwingine huku. Hakuna. Sababu ilikuwa gari ninaloendesha. Neema alizaliwa kwa upasuaji, na daktari alishasema huyu wa pili lazima azaliwe hospitali kubwa. Kituo chetu cha afya hakipasui, kwa hiyo uchungu ukikuanza ungepelekwa Mpanda kwa ambulansi, na ambulansi ni moja tu, hii yangu. Nilikuwa naijua ilivyo. Sikutaka ulale ndani yake.

Machela ilikuwa imekatika loki zote mbili za kuishikilia sakafuni. Niliikuta hivyo. Nikafanya kama tunavyofunga magunia kwenye baiskeli: nikachana tyubu kuukuu, nikaizungusha kwenye miguu ya machela, nikakaza mpaka viganja vikauma. Nikajisifu kabisa. Miezi ikapita salama, hadi siku tuliyokuwa tunamtoa mama mmoja Kasansa, mjamzito kama wewe, ng'ombe wakaingia barabarani. Nikakanyaga breki. Mpira ukakatika, machela ikateleza ikagonga ukuta ulio nyuma ya kiti changu, dripu ikachomoka. Nesi Yustina alimkumbatia yule mama, wakaanguka wote, ila nesi ndiye akawa chini. Mama alijifungua salama huko Mpanda, na mtoto mzima. Lakini nilimwomba Yustina asiseme, naye akanyamaza, nikafunga mpira mwingine. Nakuambia hili kwa aibu. Toka hapo nikawa naendesha kama nimebeba mayai, na wewe nakusimulia habari za mbu.

Mwezi uliopita wakaja wakaguzi kutoka mkoani. Siku hizi serikali imekaza, kila gari la wagonjwa linapitiwa: oksijeni, matairi, king'ora, mpaka mtungi wa kuzimia moto. Siku moja kabla, mganga mfawidhi, ndiye bosi wetu hapa kituoni, akaniambia nitoe ile mipira isionekane, nitandike shuka jipya linaloshuka mpaka chini. Nikafanya alivyosema. Gari lilipendeza kama la harusi.

Kiongozi wao alikuwa mama wa makamo, mpole wa sauti. Alipekua kila kitu, akaandika. Kisha akavua viatu, akapanda, akalala kwenye machela, faili kifuani.

"Haya baba," akasema, "nipeleke huko barabarani. Mwendo ukikolea, funga breki kama umekutana na ng'ombe."

Wenzake walicheka. Mganga mfawidhi hakucheka, alinitazama, nami nikajua macho yale yanataka nini: nifunge kidogo kidogo. Ningeweza, Mama Neema. Nilishajifunza kulisimamisha gari lile bila glasi ya maji kumwagika. Nikatoka getini, gia ya pili, gia ya tatu. Halafu nikasimama pembeni, nikashuka, nikafungua mlango wa nyuma.

"Mama, siwezi kufunga breki wewe ukiwa hapo. Hiyo machela haijashikwa na kitu."

Hakuinuka. Alibaki amelala ananitazama.

"Na wale wengine unaowalaza hapa?"

Nilikuwa nimemhurumia mgeni wa saa moja kuliko wake za watu wa mwaka mzima. Nikamweleza yote, loki, tyubu, yule mama wa Kasansa, na nikalia palepale, watu wa baiskeli wakipita wananishangaa.

Gari likasimamishwa siku hiyohiyo. Siku kumi na nane hatukuwa nalo. Gari la upande wa Mamba, kata jirani, ndilo lililokuwa linakuja kutusaidia, na kila lilipochelewa nilikosa pa kukaa. Kama kuna mtu angefariki kwa kulisubiri, ningejiona nimemuua mimi. Mganga mfawidhi hakunisemesha wiki nzima. Muuza vitumbua akaniuliza mbele ya wateja, "We ndo umefungisha gari letu?" Sikujua kama kesho nina kazi. Namshukuru Mungu, hakuna tuliyempoteza. Nilipewa barua ya onyo, basi. Bosi naye alipata yake, na sasa tunasalimiana.

Gari likatengenezwa Mpanda, kwenye gereji moja kule Majengo. Reli mpya, loki za chuma, mikanda mitatu. Yule mama alikuja kukagua tena, akaanza kuvua viatu. Nikamwambia safari hii nalala mimi. Fundi akaendesha, akashika kasi kwenye lami, akakanyaga breki mpaka matairi yakalia. Nilibaki vilevile nilivyolazwa, kilichoruka ni kofia tu. Nilicheka peke yangu kama mwehu, na mzigo wa miezi ukanitoka hapohapo. Mgonjwa wa kwanza kumbeba alikuwa mzee mwenye ngiri, alinung'unika njia nzima kwamba tumemfunga kama mbuzi wa mnadani. Kila alivyonung'unika ndivyo nilivyozidi kufurahi.

Mpe baba mkwe shikamoo yangu. Mama mkwe mwambie namshukuru kwa kukutunza, na asininunie kwa hili ninalotaka kukuomba. Shemeji fundi cherehani msalimie, suruali yangu nimeisubiri hadi nimenenepa. Neema mwambie huku njiani ataona viboko, wengi, wamelala matopeni.

Ninaloomba ni hili: njooni, kabla mvua hazijaharibu barabara. Ulale Mbeya kwa dada, usiunganishe safari. Ukiniambia una hofu nitakuelewa, maana nilikuwa nayo mimi ninayeshika usukani. Lakini sasa nimelala pale utakapolala wewe, mke wangu, na pameshika.

Nitakuwepo stendi ya Mpanda siku utakayosema.

Mumeo,
Baba Neema