Tope Lililoacha Kunuka

Kaka yangu,

Paka wako kazaa tena, safari hii kabatini juu ya mashati yako. Mama anasema ukome kumdekeza. Wazima sote.

Kiangazi kimekausha kinamasi cha chumvi nyuma ya nyumba mpaka kimepasuka nyufa. Baba kachimba humo bwawa lake la samaki, tope akalirundika ukingoni. Lilinuka mayai viza, majirani wakaziba pua. Sasa limekauka, harufu imekwisha, na Baba anatamba: "Si niliwaambia? Limepona!"

Halijapona, Kaka. Nimelipima kazini, maabarani. Lilipokuwa chini ya maji, salfa yake ilikuwa imelala. Limekauka, hewa imeingia, salfa imegeuka asidi. Karatasi ya kupimia iliwiva nyekundu kabla sijapepesa jicho. Mvua ya kwanza itaishusha asidi yote bwawani, na samaki hatabaki hata mmoja. Nilipomwambia Baba tuliondoe tope, alifoka: "Nawe umeanza ya kaka yako?"

Basi nikachukua kalamu nikuandikie. Ulimkataza kuchimba, mkatukanana, ukaondoka. Miezi ya mwanzo alikulaani kila akinawa mikono. Siku hizi hakutaji kabisa. Mama anashukuru, anasema hasira zimemwisha. Mimi nimelipima lile tope, siwezi kushukuru.

Mawingu yameanza kujikusanya. Makoleo yapo mawili, na mimi peke yangu siliwezi rundo lile. Njoo kabla ya mvua. Akikuuliza, mwambie umefuata samaki.

Mdogo wako