Sahani ya Aliye Njiani

Bujumbura, 5 Machi 2023

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Goti lako linasemaje? Mimi mzima, na nimenenepa kidogo; usiniulize kwa nini, soma mpaka mwisho. Ulisema maneno ya simu huisha pamoja na vocha, basi nitakuandikia, na Tobias atakuletea kila lori lake likirudi Tabora.

Shule ni nzuri. Mimi nawafundisha Kiswahili watu wazima wa maofisini, na wao wananicheka, maana kila nikisema Kirundi wanashika mbavu. Wanasema ni Kirundi cha bibi zao. Nimewaambia ndicho tulichokikuta kwenye kambi ya wakimbizi Ulyankulu, hatukuletewa kingine.

Jumamosi iliyopita nilipotea Buyenzi, mtaa ambao hata kuku wake wanaelewa Kiswahili. Nimesimama mbele ya jiko la mishikaki sijui niagize nini, mzee mmoja mwembamba akaniambia, "Wewe umetoka Tabora." Nikamuuliza amejuaje. Akasema, "Umemsalimia mpishi mpaka umefika kwa watoto wake, na hata humjui."

Akanizungusha mtaa mzima. Tulianza na dagaa wa kukaanga, wao wanawaita ndagala, wakafuata ndizi za kuchoma zenye pilipili, halafu sambusa za moto. Mwisho akaniagizia mukeke, samaki wa ziwani, mzima mzima, ametoka kwenye mkaa. Kabla ya kunipa akachukua kipande cha kitunguu akamfunika samaki jicho. "Sasa kula," akasema, "hakuoni." Nilicheka mpaka nikapaliwa.

Yeye mwenyewe hakula kitu. Alisema anakula jioni, nyumbani. Jumamosi ijayo ameahidi kunipeleka Bwiza. Usiogope, ni mzee wa kukuzidi wewe, na ana adabu kuliko wapangaji wenzako wote.

Mwanao,
Janeti


Ng'ambo, Tabora, 26 Machi 2023

Mwanangu Janeti,

Marahaba. Goti linasema mvua bado ipo, nalo huwa halidanganyi. Tobias ameniletea madumu mawili ya asali kutoka Usinge, nimekutumia chupa moja. Usimlambishe kila mtu.

Hiyo habari ya kitunguu nimeisoma mara tatu. Niliwahi kukusimulia? Fikiri vizuri kabla ya kujibu, maana mimi sikumbuki kumsimulia mtu yeyote.

Sahani ya mjomba wako Aleksi bado naifunika kila jioni, kama nilivyofanya tangu tulipokimbilia nchi hii bila yeye. Ila siku hizi hakuna wa kuila asubuhi, namwagia mbwa wa jirani yetu Kabula. Unakumbuka ulivyokuwa ukiidokoa kabla ya kwenda shule, ukidhani sikuoni?

Muulize huyo mzee jina lake.

Mama yako


Bujumbura, 23 Aprili 2023

Mama mpendwa,

Shikamoo. Asali imefika salama, na goti nimeliombea Pasaka. Mimi mwili haujambo. Moyo ndio sijui.

Hukuwahi kunisimulia habari ya kitunguu. Naapa.

Jina amekataa kunitajia. Wauzaji wote wanamwita Babu. Tumekwenda Bwiza, tumerudi Buyenzi, na kila tunapopita ananionyesha vitu ambavyo havipo. Penye duka la simu anasema, "Hapa kuna mama wa maandazi, nunua mawili, moja ni la kuchovya." Mimi naona simu tu. Nilimuuliza Kuluthumu, yule wa mishikaki, kama mzee huyu ana akili timamu. Akasema, "Mwalimu, huyo alikuwa akija kwa marehemu mama yangu. Akiona mgeni wa kutoka kwenu anamlisha, anamuuliza habari za njia. Hatujawahi kumwona akitia kitu mdomoni."

Jana nikakasirika. Nikamshika mkono nikamwambia leo hatuondoki kwenye jiko hili mpaka ule na wewe. Mama, mkono wake ulikuwa na vumbi jekundu, vumbi la njia ya Urambo lile lile, na hapa mvua imenyesha wiki nzima. Akaniambia hivi, nayaandika kama alivyoyasema:

"Nikila hapa nitamwambia nini dada yangu? Kila jioni ananifunikia sahani. Njia ni ndefu, lakini nafika. Nakaa karibu nayo. Sahani ya msafiri haifunui mwenyewe, anaifunua aliyeifunika, aseme karibu. Basi nangoja. Kukipambazuka anakuja mtoto, anaila, mimi narudi."

Mama, huyo mtoto ni mimi.

Niandikie upesi.

Janeti wako


Bujumbura, 21 Mei 2023

Mama,

Shikamoo. Tobias amekuja mara mbili mikono mitupu. Anasema uko mzima, unauza asali, ila ukiulizwa kuhusu barua unaingia ndani. Kama nimekukosea, nigombeze. Kunyamaza kwako ndiko kunanitisha.

Jumamosi Babu bado anakuja. Anazidi kukonda.

Mwanao


Ng'ambo, Tabora, 2 Julai 2023

Mwanangu,

Marahaba, na unisamehe. Mimi ni mzima wa mwili. Kalamu nimeishika mara nyingi, ikawa nzito kuliko dumu.

Nilikuwa naogopa jicho la samaki. Tulikuwa tunaishi hapo hapo Buyenzi, na kila Jumamosi kaka yangu Aleksi alinishika mkono akanizungusha kula. Yeye ndiye aliyekuwa akilifunika jicho kwa kitunguu. Mama wa maandazi namkumbuka, alikuwa na jino moja la dhahabu.

Mwaka wa sabini na mbili, tulipokimbia, tulifuata ziwa kwa miguu. Nilikuwa na miaka tisa. Siku ya tatu nilikaa chini nikalia njaa, nikakataa kutembea. Tulikuwa tumepita nyumba ambayo wenyewe wamekimbia wakaacha chungu cha maharage jikoni. Aleksi akasema atarudi kunichotea. Wakubwa walimkataza. Mimi nilizidi kulia. Akaniambia, "Dafrosa, nikichelewa nifunikie changu." Tulisikia milio ya bunduki. Wakubwa wakanibeba.

Siku ya kwanza kupata chakula Ulyankulu nilifunika nusu yangu, na sijaacha. Watu walinishauri tumfanyie matanga. Nikakataa. Kumlilia kungekuwa kukiri kwamba tumbo langu ndilo lililomuua.

Barua yako nilimsomea Kabula. Unamjua, hana maneno ya kubembeleza, na babu zake walikuwa wapagazi wa misafara ya kwenda Ujiji. Akasema: "Kwetu mpagazi alifunikiwa chakula mpaka msafara wake urudi. Ukirudi bila yeye, mke alikifunua mchana, akamwita kwa jina, akasema karibu, watu wote wakala. Basi, njia yake imekwisha. Wewe msafara wako ulirudi zamani, Dafrosa. Umemtembeza kaka yako Tabora na Bujumbura miaka hamsini na moja, kwa njaa, na unaita mapenzi."

Nilimtukana. Siku tatu hatukusalimiana. Kisha nikaenda kumwomba chungu chake kikubwa.

Itakuwa Jumamosi tarehe ishirini na mbili, saa saba mchana. Nitapika maharage. Janeti, naogopa. Nikiifunua ile sahani, nitakuwa sina kaka tena. Kuifunika ndiko kulikonibakizia.

Uwe naye siku hiyo. Asiwe peke yake.

Mama yako


Bujumbura, 23 Julai 2023

Mama yangu,

Shikamoo. Sijui kama umelala. Mimi sijambo, ingawa macho yamevimba.

Sikumwambia lolote. Tulianza mapema, tukapita kote alikozoea kunipitisha, na hakunihimiza kula kama siku zote. Saa sita ya huku, ambayo kwenu ni saa saba, tulikuwa kwa Kuluthumu. Akasimama ghafla. Akainua uso kama mtu aliyenusa jiko la nyumba ya pili. Akasema, "Ameniita."

Akakaa kwenye benchi. Kuluthumu alikuwa na maharage yake ya kula yeye na watoto. Babu akayaomba. Kuluthumu akampa sahani na mkate. Mama, alikula. Alikula kama mtu aliyetoka kulima kutwa, bila kusema, akaomba tena, akakomba sahani kwa mkate mpaka ikang'aa. Nilikuwa nalia na yeye hanitazami, anatafuna.

Alipomaliza akanawa mikono. Vumbi likatoka lote. Akasema, "Mwambie Dafrosa maharage niliyapata. Nilichelewa tu. Na njaa ya mtoto si kosa." Akanishika kichwa, akaondoka kuelekea ziwani. Siku zote huwa anaelekea upande wa barabara ya kwetu Tabora. Nilimtazama mpaka akapinda kona.

Kuluthumu hajaiosha ile sahani.

Na habari nyingine: shule wanataka niendelee mwaka mmoja zaidi. Nimewaambia nitafikiri. Najikuta napita Buyenzi hata siku zisizo Jumamosi, nasimama pale penye duka la simu. Labda nitakuja Krismasi, au ile inayofuata.

Mwanao,
Janeti


Ng'ambo, Tabora, 13 Agosti 2023

Mwanangu Janeti,

Marahaba. Goti limenyamaza, sijui limeona aibu.

Saa saba ile nilisimama uani mbele ya majirani, mkono kwenye kifuniko, na mkono ukakataa. Kabula hakunisaidia. Nikasema, "Aleksi, kaka yangu, karibu ule," nikafunua. Mvuke ukanipiga usoni. Tulikula wote, hata wasiomjua, na mimi nilikula nikashiba kwa mara ya kwanza tangu nikiwa na miaka tisa. Halafu nililia kwa sauti kama mtu aliyefiwa siku hiyo hiyo, na ndivyo ilivyokuwa. Tulikaa matanga siku tatu.

Ulichoandika kuhusu njaa ya mtoto nimekikata kwenye barua, nimekiweka ndani ya Biblia.

Sasa nisikilize. Usimtafute tena. Ameshiba, muache. Usisimame penye maduka ukitazama yasiyokuwepo. Ugonjwa huo naujua, nimeulea mimi.

Jioni ya siku ya nne nilipakua, na kabla sijafikiri nilikuwa nimeshafunika sahani ya pili. Mkono umezoea. Nikaitazama nikajiuliza ni ya nani, na jibu likanitisha. Ni yako. Sikuifunua, nimeifunika tena jana, na leo.

Njoo uifunue mwenyewe, uvunje mwiko. Wewe uko hai. Tobias anaondoka Bujumbura tarehe mbili. Panda lori lake, mwanangu. Mimi sina miaka hamsini mingine ya kufunika.

Mama yako,
Dafrosa