Buluu ya Karata za Shangazi

4 Machi

Shangazi yangu,

Shikamoo. Naamini barua hii inakukuta mzima, na lile goti limepunguza ukorofi wake. Huku mimi na mume wangu hatujambo, ila usingizi nimeukosa, na sababu ni wewe.

Kampuni yetu imekubali kuzichapa upya karata zako za taroti, zile za kutabiria. Umesoma sawasawa, usivue miwani. Pale ofisini kuna mama wa mapokezi ambaye wenzake wakiwa na la kuwasumbua, huwapangia karata mezani na kuwasomea mambo yao. Ana seti yako tangu ujana wake. Siku moja nikamwambia aliyezichora ni dada wa baba yangu. Alinishika mkono kama anayeshika mkono wa bibi harusi, akanipeleka mpaka kwa mkuu wangu wa kazi.

Mkuu alipozitandaza, mafundi wa mitambo waliacha chai zao wakaja kuangalia, na wale watu chai hawaiachi hata paa likivuja. Mmoja aliishika karata ya Mjinga, yule kijana anayeruka mtaro huku macho yakiwa juu kama vile chini hakumhusu.

"Huyu ni nani?" akauliza.

"Baba yangu," nikasema.

Hakuniamini.

Shangazi, mimi nimekua na karata hizi nyumbani, lakini sikuwahi kuziona. Sasa nimeziona. Ulimchora babu na taa yake, mkono mmoja umekinga upepo, na ukitazama kwa kioo cha kukuzia vidole vyake vinapitisha mwanga. Ulikuwa na umri mdogo kuliko wangu wa leo. Ulijifunza wapi?

Tatizo ni moja. Michoro yenyewe ililowa maji kwa yule mchapaji wa kwanza, kwa hiyo tunafuata karata zilizochapwa enzi zile, na seti tulizoazima hazifanani rangi. Nakutumia karatasi za majaribio. Ziangalie, unielekeze. Hakuna mwingine wa kumuuliza.

Mwanao

19 Machi

Chapuchapu wangu,

Marahaba, na marahaba nyingine ya akiba. Mimi nipo, goti nalo lipo. Baba yako anakusalimu. Nilipomwambia wanaume wazima wameacha chai kwa ajili yake, basi, tangu siku hiyo hashikiki.

Meza haikutosha, nimezitandaza karatasi zako kitandani. Nikwambie? Niliketi sakafuni nikalia kidogo. Mwanamke wa karata ya Nyota, yule anayemimina maji, nilimchora nywele unywele kwa unywele. Mtambo wa zamani ulizimeza zote zikawa donge jeusi, kama amejifunika sufuria. Nilivyokasirika sikumsemesha mchapaji mpaka mvua zikaja zikaondoka. Leo nimesogeza karatasi mpaka puani, na nywele zangu hizo hapo! Mmezichimbua wapi? Mtambo wenu huo una mikono ya kumsuka mtu.

Na kingo! Za zamani zilikatwa na mtu mwenye haraka ya kwenda kwake, karata moja pana, nyingine nyembamba. Zako zimenyooka, zinateleza mkononi. Nimezichanganya kama mcheza kamari, jirani akachungulia dirishani.

Lakini rangi, hapana. Zote zimefanya umanjano, kama zimeoshwa kwa chai. Najua mmefuata zile seti za zamani. Msizifuate, karatasi zake zimezeeka. Hata seti yangu hapa imegeuka kama meno ya mvuta tumbaku. Mimi nafuata kichwa changu. Anga la Nyota liongeze buluu. La Mwezi liongeze zaidi. Joho la Malkia wa Vikombe usilionee huruma kabisa. Kila karata nimeandika pembeni.

Shangazi yako

2 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Sisi wazima, ila baridi imetuandama. Nimefurahi umezichezea, na jirani msamehe. Nywele tulizichimbua kwenye seti moja iliyochapwa mwanzo kabisa, wino ukiwa bado mwembamba.

Nimefanya ulivyoagiza, na majaribio mapya hayo ndani ya bahasha. Lakini niseme la moyoni. Nimeziweka karibu na dirisha pamoja na zile za mama wa mapokezi, na kwa macho yangu zake hazina umanjano mwingi hivyo. Anga lake la Nyota ni jepesi, kama la asubuhi kabla watu hawajaamka. La kwetu sasa ni zito. Mkuu wangu kaitazama ile ya Mwezi akaniuliza kama kuna mtu amemwaga chupa ya wino.

Sikubishii, Shangazi. Nakuuliza tu: una uhakika?

Mwanao

15 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Mzima wa afya.

Nani alichora?

Nimeziangalia mchana, nimeziangalia jioni. Bado kidogo. Ongeza tena.

Mkuu wako mwambie namsalimu sana, na kwamba anga la Mwezi nililichora nikiwa juu ya paa la nyumba ya babu yako, shingo imenikakamaa, na yeye hakuwepo.

Usinune. Nakupenda wewe na mitambo yako. Umenirudishia kitu nilichokwisha kukizika, ndiyo maana sitaki kirudi nusu.

Shangazi yako

28 Mei

Shangazi yangu,

Shikamoo. Natumaini goti na jirani wote wametulia.

Zimetoka. Kasha moja ni lako, nimelifunga mwenyewe.

Nataka ujue ilivyokuwa. Siku ya kuidhinisha rangi, mkuu aliziweka za zamani upande huu na mpya upande ule, akasema, "Nipe sababu moja." Nikamwambia sababu ni kwamba mwenye kazi yuko hai na amesema. Akasema, "Na wewe mwenyewe unaonaje?" Shangazi, niliitazama tena ile ya Mwezi. Kisha nikasema mimi naona buluu imezidi, lakini mtu aliyeweza kupitisha mwanga kwenye vidole vya babu, siwezi kumfundisha anga. Akanisogezea kalamu. Sahihi iliyopo pale ni yangu.

Watu wanaandika. Wengine wanasema hawajapata kuona karata nzuri namna hii, kwamba ukizifungua ni kama umeingiza uso majini. Wengine, hasa waliokuwa nazo zamani, wanasema tumeharibu. Mama wa mapokezi hajasema neno. Amekaa na seti zote mbili mezani, anatazama hii, anatazama ile.

Niandikie unavyoziona.

Mwanao

10 Julai

Shangazi,

Shikamoo. Uko salama? Kasha lilipokelewa, posta wamenionyesha. Baba nikimpigia ananiambia "Shangazi yako yupo," kisha anauliza habari za mvua. Baba na mvua wapi na wapi!

Kama hukuzipenda, sema. Mkuu anataka toleo lijalo lirudi kwenye rangi za zamani. Nimemwomba asubiri neno lako, naye ananisubiri mimi. Nitukane tu, bora nikusikie.

Mwanao

3 Agosti

Chapuchapu wangu,

Marahaba, mama, marahaba sana. Nipo hai na goti langu. Nisamehe kwa kukuweka roho juu. Nilimkataza baba yako kusema, na unajua kumpa baba yako siri ni kama kumpa mtoto yai. Tumshukuru Mungu halikupasuka.

Siku kasha lako lilipofika, baba yako ndiye aliyelileta. Amevaa shati jipya. Nikamwambia, "Kaka, kijani kimekupendeza." Akajitazama kifuani. Akasema, "Kijani kipi?" Nikadhani mzaha wake. Akatoka nje akamwita jirani, jirani akasema buluu. Akamwita mwenye duka, buluu. Nikawaambia wote wana njama.

Kesho yake asubuhi nilikuwa kwa daktari wa macho. Mtoto wa jicho, mwanangu, macho yote mawili. Daktari, binti mdogo tu lakini mkono wake mtulivu, akanieleza kwamba ni utando uliokuwa ukikua taratibu, na kwamba kwa miaka nimekuwa nikiutazama ulimwengu kama mtu aliyevaa miwani ya rangi ya chai. Nami nilikuwa nagombana na taa. Nilimlaumu fundi umeme! Nililaumu karatasi!

Wamenisafisha jicho la kulia. Walipofungua bandeji kitu cha kwanza nilichokiona ni ndoo ya maji pale ukutani. Ndoo ya plastiki. Nilimwambia muuguzi aisogeze karibu, akadhani nataka kutapika. Nilitaka kuiona buluu yake.

Niliporudi nyumbani nikatoa seti yangu ya zamani. Haina umanjano wowote, mwanangu. Anga lake jepesi, kama ulivyosema. Kisha nikafungua kasha lako, nikashika mdomo. Buluu imezidi. Imezidi sana! Malkia wangu ametumbukia kwenye pipa. Ulikuwa sahihi, na mkuu wako alikuwa sahihi, na mama wa mapokezi mwambie asiogope kusema. Toleo lijalo rudisheni anga la zamani, naridhia kwa moyo mmoja.

Sasa sikiliza, maana ndilo hasa ninalotaka kukuandikia. Nilikuwa nimekaa na karata yako ya Mwezi mkononi, nimehuzunika, nikafumba jicho la kulia ili nijifute machozi. Nikabaki na la kushoto, lile bovu. Na pale, mwanangu, anga likatulia. Likawa lile lile. Si la karata za zamani, maana zile nazo hazikulipata. Ni lile nililoliona juu ya paa, shingo imenikakamaa. Nikafungua jicho la kulia, likapotea. Nikalifumba, likarudi. Nimeshinda siku nzima nafumba na kufumbua, baba yako anadhani nimekuwa mwehu.

Ulifuata neno langu hata pale macho yako yalipokukataza. Umelichapia jicho moja duniani, na jicho hilo linakuambia ni kazi nzuri kuliko yangu.

Daktari anataka kulisafisha na la kushoto. Nimemwambia angoje kidogo. Anauliza angoje nini.

Shangazi yako

11 Agosti

Shangazi yangu,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma nimesimama kwenye mtambo, mafundi wakauliza kuna msiba. Nikawasomea. Mkuu aliniomba aisome mwenyewe, akairudisha, akaenda kuangalia mitambo ambayo ilikuwa imezimwa. Baadaye alipita mezani kwangu akasema, "Bado hujaondoka?"

Mwambie daktari anisubiri mimi. Nakuja Ijumaa. Tutakaa dirishani mchana, nitakushikia karata, wewe utafumba jicho, uniambie unachokiona. Moja baada ya nyingine, mpaka ziishe.

Mwanao