Alichokuwa Akiwaza Bi Pasi Dirishani: Kumbukumbu za Kikao Maalumu

CHAMA CHA WAFANYAKAZI WA MAJUMBANI, TAWI LA MTAA WA JUU

Kikao maalumu kilichofanyika Jumapili mchana, chumba cha nyuma cha duka la fundi cherehani.

WALIOHUDHURIA
1. Mwenyekiti – mpishi, nyumba ya daktari
2. Bi Pasi – mfanyakazi wa ndani, miaka thelathini na moja katika nyumba moja
3. Mama Sabuni – mfuaji
4. Mjomba Bustani – mtunza bustani
5. Katibu – yaya wa mapacha (mwandishi)

MWALIKWA
Mtengenezaji filamu, binti wa nyumba anayofanya kazi Bi Pasi, ambaye Bi Pasi alimlea tangu kitovu hakijakauka.

ASIYEHUDHURIA
Naibu Mwenyekiti – kwa udhuru. Bosi wake alipata wageni. Huyu bosi hupata wageni kila siku ya kikao.

KUMB. NA. 1/6: KUFUNGUA KIKAO
Kikao kilifunguliwa saa 8:25 mchana badala ya saa 8:00. Mwenyekiti alieleza kwamba funguo za chumba zilikuwa hazionekani. Mama Sabuni aliomba iandikwe kwamba funguo zilikuwa kwenye mkoba wa Mwenyekiti. Imeandikwa.

KUMB. NA. 2/6: SABABU YA KUITWA
Mwenyekiti alieleza kwamba Mtengenezaji filamu amemaliza filamu inayohusu maisha ya mfanyakazi wa ndani aliyekaa nyumba moja kwa miaka mingi. Mfanyakazi huyo ni Bi Pasi, ingawa anaigizwa na mtu mwingine. Onyesho la kwanza ni Alhamisi. Kabla ya hapo Bi Pasi anatakiwa kutia saini karatasi ya kukubali kwamba huyo wa kwenye filamu ni yeye. Asipotia, filamu haitoki.

Bi Pasi alikuwa amejibu kwamba hatatia saini kitu ambacho wenzake hawajakiona. Ndiyo maana tuliitwa, na ndiyo maana Katibu aliwaacha mapacha na bibi yao, jambo ambalo huko nyumbani litasemwa wiki nzima.

KUMB. NA. 3/6: KUTAZAMA FILAMU, MARA YA KWANZA
Shuka jeupe lilitundikwa ukutani. Mama Sabuni alilitoa likapigwe pasi kwanza kwa sababu mikunjo yake ilikuwa inamkera. Lilirudishwa.

Filamu ilisimamishwa mara tisa kwa amri ya Mwenyekiti. Kasoro zilizotajwa ni nyingi, ila kubwa ni hizi. Mwigizaji anapiga deki huku akienda mbele, hivyo anakanyaga palepale alipotoka kusafisha. Anafunua sufuria ya moto akiielekeza kifuani mwake, na Mwenyekiti alipiga yowe, "Utaungua wewe!", kana kwamba mwigizaji angesikia. Anapiga pasi shati akianzia mgongoni na kumalizia kola. Hapo Mama Sabuni alisimama na kusema yeye hawezi kukaa chumba kimoja na jambo kama hilo. Alikalishwa.

Filamu ilipoisha, Mtengenezaji filamu aliuliza wajumbe wameuonaje uso wa yule mwanamke pale anapoacha pasi na kutazama dirishani kwa dakika mbili nzima. Mjomba Bustani aliuliza ni dirisha lipi. Mwenyekiti alisema yeye wakati huo alikuwa anaangalia kama pasi imezimwa. Katibu naye alikuwa anaangalia pasi. Ilibainika kwamba hakuna mjumbe hata mmoja aliyeutazama uso.

Mtengenezaji filamu alicheka, kisha akaacha kucheka. Alisema, "Miaka mitatu nimetengeneza hiki kitu, jamani, na dirisha ndilo filamu yenyewe."

Iliamuliwa filamu itazamwe upya, kila mjumbe akiwa amefunga mdomo.

KUMB. NA. 4/6: KUTAZAMA MARA YA PILI
Safari hii uso ulitazamwa. Ni uso mzuri wa mtu mzima, umetulia, na macho yako mbali. Wakati akitazama nje, sauti ya chini inasikika, ambayo ndiyo mawazo yake: "Watoto hawa ndio maisha yangu. Wakicheka, na mimi ninacheka. Sina kingine, wala sihitaji." Katibu anakiri kwamba alitokwa na machozi. Mjomba Bustani pia, ingawa alisema ni vumbi la vitambaa.

Bi Pasi hakutokwa na kitu. Aliomba arudishiwe sehemu hiyo. Akarudishiwa. Akaomba tena. Halafu akauliza, "Hii sauti ni ya nani?"

Mtengenezaji filamu alijibu kwamba ni ya Bi Pasi mwenyewe, yaani ndivyo alivyomwandikia. Aliulizwa kama aliwahi kumuuliza Bi Pasi anawaza nini dirishani. Alisema hapana, kwa sababu tangu utotoni alikuwa akimwona pale na alikuwa akijua.

"Ulijuaje?" aliuliza Mama Sabuni.

"Nilikuwa mtoto wake."

Mama Sabuni alisema yeye ana watoto wake wa kuwazaa, na hakuna hata mmoja anayejua mama yake anawaza nini, na ashukuriwe Mungu kwa hilo.

KUMB. NA. 5/6: MJADALA WA DIRISHA
Mwenyekiti aliwataka wajumbe wataje wanavyodhani. Mjomba Bustani alisema mtu aliyesimama tangu asubuhi anaiwaza miguu yake tu. Mama Sabuni alisema yule mama anawaza watu wanne wanawezaje kuchafua suruali kumi na sita. Mwenyekiti alisema anawaza atapika nini kesho. Mama Sabuni alisema si kila mtu ana kichwa cha Mwenyekiti. Mwenyekiti alitaka kauli hiyo ifutwe. Katibu alikuwa ameshaiandika kwa kalamu ya wino.

Ndipo Bi Pasi alipoomba nafasi. Alisema, "Mimi nilikuwa najenga."

Alieleza kwamba miaka ishirini na miwili iliyopita walianza kujenga ghorofa mkabala na dirisha lake la kupigia pasi. Alikuwa akiwatazama mafundi kila siku: namna wanavyovuta kamba, wanavyosuka nondo, ngazi inavyopanda na kukata kona. Jengo lilipokamilika, mafundi wakafungasha wakaondoka. Yeye akajiuliza, mbona nimeshajua kujenga na sina pa kujenga? Akaanza nyumba yake kichwani, tangu msingi. Hajaruka hatua hata moja. Kuna mwaka mzima ulikwenda kwenye ngazi peke yake.

Wajumbe waliuliza maswali mengi kwa pamoja na Mwenyekiti alishindwa kuyapanga, kwa kuwa na yeye alikuwa anauliza. Vyumba vingapi? Vitatu, na kimoja hakina kitu ndani, ni cha kukaa tu. Jiko je? Dogo, makusudi. Milango? Yote inafunguka upande wa kushoto kwa sababu yeye anatumia mkono wa kushoto, na miaka thelathini na moja amefungua milango ya watu wa mkono wa kulia. Ukuta wa magharibi ameubomoa mara mbili kwa kuwa jua la jioni lilikuwa linampiga kitandani. Mjomba Bustani aliuliza kuhusu bustani. Alijibiwa kwamba hakuna, nje ni udongo mtupu. Ilionekana Mjomba ameumia.

Mtengenezaji filamu alisema, "Dada. Mimi nilikuwa nakuita pale dirishani kila siku. Nakuita, unaitika palepale. Hukuwahi kuchelewa hata mara moja."

Bi Pasi alisema, "Ni kweli. Nilikuwa naitikia nikiwa ngazini."

KUMB. NA. 6/6: MAAMUZI
Mtengenezaji filamu aliomba radhi mbele ya kikao. Kisha alieleza kwa msisimko kwamba hili ni bora mara mia kuliko alichoandika yeye, na kwamba kabla ya Alhamisi anaweza kumleta mchoraji aichore nyumba, ionekane kwenye filamu, chumba kwa chumba. Mwenyekiti aliliunga mkono wazo hilo papo hapo na kusema litakiletea chama heshima. Alipobanwa na Mama Sabuni, alikiri kwamba ameshamwambia daktari na mke wake kuwa yeye ni mmoja wa waliotengeneza filamu.

Bi Pasi alikataa. Mwenyekiti alimsihi. Alikataa tena. Alisema chumba anacholala kwenye nyumba ya watu kila mtu anaingia, kuna masanduku yao, kuna baiskeli yao, kuna pazia ambalo hakulichagua yeye. Kabati lake linafunguliwa akitafutwa mkasi. Hajalalamika na leo hakuja kulalamika. Ila ile nyumba ya kichwani hajaingia mtu, na akiingia mchoraji, ataingia na mama mwenye nyumba, na atauliza mbona jiko ni dogo.

Mwenyekiti alisema basi watazamaji watajuaje mwanamke yule anawaza nini. Mtengenezaji filamu naye alisema kwa sauti ya chini kwamba watu hawataelewa.

Mama Sabuni alimjibu, "Na wewe hukuelewa, na bado ulikula ukashiba."

Iliamuliwa kwa kura nne dhidi ya moja kwamba:
(a) Sauti ya dirishani iondolewe yote. Uso ubaki na dakika zake mbili, kimya.
(b) Bi Pasi atatia saini akishaona, au tuseme akishasikia, kwamba haipo.
(c) Yaliyosemwa kuhusu nyumba hiyo yasitoke nje ya kikao. Kumbukumbu hizi zitunzwe na Bi Pasi mwenyewe, nakala moja tu.
(d) Kola ipigwe pasi kwanza. Mama Sabuni atakwenda kumwelekeza mwigizaji kesho alfajiri kabla ya kazi, na hakuna atakayemzuia.

Mtengenezaji filamu alikubali yote manne. Alikunja karatasi yake bila saini na kuitia mkobani. Kabla ya kukaa aliuliza kama anaweza kuuliza jambo moja lisilo kwenye ajenda. Mwenyekiti alimruhusu.

Aliuliza, "Dada, mle ndani mimi nipo?"

Bi Pasi alichukua muda. Mtu asiyemjua angesema anatafuta uongo mzuri, lakini huyu mama hajui kudanganya, hata mgeni akisifia chai mbaya hunyamaza. Alisema, "Hapana, mwanangu. Wewe humo. Hamna mtu mle. Nilikupenda huku nje, na ulinitosha huku nje, usilie. Mle hakuna anayeniita."

Mtengenezaji filamu alilia. Bi Pasi alihama kiti akakaa karibu yake na kumshika mkono kwa muda mrefu, na kikao kilisubiri. Katibu anashuhudia kwamba alikuwa amemshika kweli, na kwamba macho ya Bi Pasi yalikuwa kwake, si ukutani wala dirishani.

MENGINEYO
Hayakuwa kwenye ajenda, lakini hakuna aliyenyanyuka. Mjomba Bustani alisema, basi na atoboe: yeye akikata majani huwa anatunga hotuba ya kuapishwa kuwa waziri, na mwaka huu amefika kwenye shukrani. Mwenyekiti alisema akikoroga mchuzi huwa anagombana na marehemu dada yake, na siku nyingine dada anashinda. Mama Sabuni hakucheka. Alimuuliza dada huyo alikuwa mtu wa namna gani, na Mwenyekiti akamweleza, na wawili hao walizungumza hadi mwisho wa kikao bila kukatizana, kitu ambacho hakijatokea tangu uchaguzi wa tawi.

Kisha wote wakamgeukia Katibu, wakitaka kujua yeye anawaza nini anapowabembeleza mapacha walale. Katibu alikataa kujibu, na ameagiza kukataa kwake kuingizwe kwenye kumbukumbu.

Wajumbe walitawanyika saa 11:40 jioni, taa ilizimwa, na shuka lilikunjwa vizuri.

Mwenyekiti: ____________ (amesaini, akitaka ijulikane kwamba funguo zilikuwa kwenye mfuko wa pembeni wa mkoba)

Katibu: ____________