Namba Tisa Simpi Shemeji

Alhamisi. Mvua inanyesha Guangzhou tangu alfajiri, na chumba changu hapa Xiaobei kinanuka soksi. Nina hasira, na safari hii sizimezi.

Namchukia Zoran. Naandika hivyo hivyo bila kuremba, maana kwenye blogu hii nimeshawasema wenye nyumba, wapakia kontena na hata ndugu zangu wa damu, sembuse Mmasedonia.

Kwa asiyejua, timu yetu ya wafanyabiashara wa Kitanzania inacheza na Wakenya Jumapili hii. Sharti ni moja tu, mchezaji awe mtu wa nyumbani. Zoran kwao Masedonia, lakini kamuoa Mwanaidi wa Tanga, yule mwenye ofisi ya kusafirisha mizigo. Basi ni shemeji, na shemeji ni wetu. Hata Wakenya wamekubali. Nani atasimama mbele ya kadamnasi amkatae shemeji?

Wanasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mimi mwenyeji napelekwa benchi.

Namba tisa naivaa mimi tangu timu ianze. Fulana zenyewe nazishonesha mimi kule Kangle, mtaa wa karakana za nguo, nawasimamia mafundi mpaka namba zikae sawa. Mabao sina mengi, sawa. Mwaka jana sikufunga hata moja. Lakini kila mechi nilikuwepo, iwe mvua iwe jua, wakati wengine wanasingizia mzigo bandarini.

Safari yake ya mpira naijua yote, maana wenzangu siku hizi hawana hadithi nyingine. Alianza kijana kwenye klabu ya mji wao, akaenda Slovenia, akaenda Uturuki, akaenda Kupro. Timu ya taifa walimwita mara moja, akakaa benchi mechi nzima akarudi nyumbani na suti. Mwisho akaletwa China afunge mabao daraja la pili. Klabu ikafa, goti nalo likafa. Sasa anafundisha watoto wa shule kupiga danadana. Huyo ndiye staa wao! Mtu kashuka ngazi mpaka katua kwetu, nasi tunampigia makofi.

Na mpira anaujua. Hilo ndilo linalonikera kuliko yote.

Jana mazoezini hakukimbia hata kidogo, goti halimruhusu. Anasimama tu, mpira unamfuata. Akanipa pasi, golini hakuna kipa, nikapaisha mpaka nje ya uzio. Akaja kunishika bega. "Pole shemeji, pasi mbaya ile." Pasi mbaya wapi? Ilikuwa pasi safi kabisa, na yeye anajua. Afadhali angenitukana.

Leo mchana Salum, kapteni wetu, kaniita chai. Nikajua tu, chai ya Salum haijawahi kuwa na heri. "Kaka," akasema, "mkabidhi shemeji tisa yako." Kwenye timu yetu namba hainyang'anywi. Unaivua mwenyewe, unampa mwenzio mbele ya watu, mnapeana mikono, Salum anaomba dua fupi. Bila hivyo hakuna wa kuigusa, hata kapteni. Nikamwambia siwezi. Akaongeza sukari kwenye chai iliyokwisha kuwa tamu.

Natoka nje, namkuta Zoran ananingoja chini ya mwavuli wa mkewe. Kwa Kiswahili chake cha kuungaunga akanieleza kwamba klabu yake ya mwisho, kabla haijafa, hawakumwambia neno. Aliingia chumba cha kubadilishia nguo, akaona namba yake imetundikwa mahali pa kijana mwingine. "Mimi sitaki hivyo kwako," akasema. "Wewe kaa nayo. Mimi navaa yoyote."

Nilitaka anibembeleze, nimkatalie. Kaninyima hata hiyo raha.

Nikaenda Kangle na hasira zangu. Mama mwenye karakana, ambaye miaka yote namwita laoban, yaani bosi, akauliza fulana ya mchezaji mpya aiweke namba gani. Nikachagua ishirini na saba, namba isiyo na maana kwa mshambuliaji yeyote duniani. Kisha nikamsimamia mpaka ikanyooka. Kazi ya hovyo siwezi, hata kwa adui.

Kikosi Salum keshakituma kwenye grupu. Zoran anaanza. Mimi ni wa akiba, na tisa yangu mgongoni. Jumapili timu yetu itaingia uwanjani bila namba tisa, na Wakenya, niwajuavyo kwa maneno, wataulizana iko wapi. Wataiona imekaa benchi, imekunja mikono, inamtazama shemeji akifunga.

Najua nitakavyochekwa. Simpi.