Nyama Iliyosafishwa Mno

Wyoming, Oktoba

Mpwa wangu Trent,

Natumaini ulifika Ohio salama. Huku theluji imeanza, na mbwa wangu Biscuit bado anakutafuta kila gari likipita.

Jana Hollis, afisa wa wanyamapori, alikuja kukagua nyama ya kulungu uliyoiacha kwenye friza yangu. Akageuza kila paja, kisha akauliza, "Mzee Orrin, kibali cha mpwa wako ni cha kuwinda jike. Mbona sioni alama yoyote ya jike hapa?"

Nikakutetea. "Si wa jimbo hili huyo, bwana. Kwao nyama husafishwa yote. Hakujua kwetu lazima alama ya dume au jike iachwe kwenye nyama."

Akacheka. "Wageni wenu hawa! Sheria wanazisoma wakishakamatwa." Akasema atakuonya tu, akaketi anywe kahawa.

Nilitoka barazani kuchukua kuni. Biscuit akatokea vichakani akiburuta pembe, akaitua miguuni pangu. Pembe, Trent, yenye damu iliyoganda na kipande cha fuvu. Tangu lini kulungu jike akaota pembe? Kumbe sheria zetu ulizijua vizuri sana.

Nikaifunika kwa koti langu.

"Mbwa kaleta nini?" Hollis akauliza kutoka ndani.

"Kijiti tu."

Mimi na Hollis tumejuana tangu ujana wetu, na hadi jana sikuwahi kumdanganya. Mpigie simu, umwambie mwenyewe. Pembe nimeitundika barazani, juu ya mlango, na Jumapili Hollis anarudi kunywa kahawa.

Msalimie mama yako.

Mjomba wako,
Orrin